Dakika Ishirini na Tano Kabla ya Ugali

Mwandikie mtoto wa Gredi ya Nne hesabu hii kwenye daftari: 200 kutoa 135. Akikuletea jibu 135, usimcheke wala usimwite mvivu. Kazi ameifanya, tena kwa utaratibu wake. Katika kila safu ameangalia tarakimu mbili akatoa ndogo kwenye kubwa: sifuri na tano, akaandika tano, sifuri na tatu, akaandika tatu, mbili kutoa moja, akaandika moja. Sasa mtume huyo huyo kwa mama mboga na noti ya mia mbili, anunue vitu vya shilingi 135, na kabla hajatoka mlangoni umwulize chenji atakayorudi nayo. Huenda akakujibu sitini na tano bila kalamu, kwa maana barabarani huhesabu kama muuzaji anavyohesabu: kutoka 135, tano inafika 140, kumi inafika 150, hamsini inafika 200. Tano, kumi, hamsini. Imeisha.

Mtoto ni yule yule na hesabu ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba kibandani namba zina kitu nyuma yake, na kwenye daftari hazina. Ndiyo maana mjadala wa kazi za nyumbani kwa watoto wa shule ya msingi unapoishia kwenye swali la "nyingi au chache" unakuwa umekosa njia. Swali ni nyumba ina nini ambacho darasa halina. Ina chenji, ina gorogoro ya kupimia mahindi, ina mita ya stima, ina nyanya mwenye hadithi, na zaidi ya yote ina mtu mzima mmoja anayeweza kumsikiliza mtoto mmoja. Tukiigeuza kuwa tawi la shule, na daftari la pili baada ya lile la mchana, tunatupa kile pekee ambacho nyumba inaizidi shule.

Mtaala wa umilisi wa Kenya (CBC), uliofanyiwa majaribio kuanzia 2017 na kuingia madarasa ya chini nchini kote mwaka 2019, uliweka ushiriki wa mzazi kama mojawapo ya nguzo zake. Wazo zuri. Lakini kule Nyalenda ya Kisumu, Kaptembwo ya Nakuru au Lurambi ya Kakamega, ushiriki huo kwa nyumba nyingi umekuwa safari za saiba: chapisha picha ya wanyama watano, nunua manila, nunua gundi, piga picha utume WhatsApp. Saa nne usiku mama yuko mezani anakata katoni ya kutengeneza nyumba ya mfano, na mtoto mwenye nyumba hiyo amelala kwenye kochi na sare yake. Kazi za mradi si mbaya. Ubaya ni mzazi kushika mkasi. Kibanda kilichopinda ambacho mtoto amekigundisha mwenyewe kwa uji wa unga kina somo ndani yake. Kile kilichonyooka kama cha fundi kina alama tu.

Tufanye hesabu ya muda. Kipindi cha Gredi ya Kwanza hadi ya Tatu ni dakika 30, na cha Gredi ya Nne hadi ya Sita ni dakika 35. Katika darasa la watoto sitini, mwalimu akiacha kila kitu akaamua kusikiliza tu mtoto mmoja mmoja akisoma, kila mmoja atapata nusu dakika. Dakika kumi nyumbani, mtoto akimsomea mtu mzima mmoja, ni sawa na vipindi ishirini vya namna hiyo. Hakuna manila inayoweza kushindana na hilo.

Kwa hiyo pendekezo letu ni dogo: dakika ishirini na tano, Jumatatu hadi Ijumaa. Kumi za kusoma kwa sauti, kumi za hesabu yenye kitu mkononi, tano za kusimulia. Wakati wake ni kati ya saa kumi na moja na nusu na saa moja jioni, maji ya ugali yakiwa bado hayajachemka. Huku kwetu karibu na mstari wa ikweta jua halibadilishi sana saa ya kuzama mwaka mzima, kwa hiyo ratiba haisumbuliwi na majira; husumbuliwa na stima kupotea na mzazi kuchelewa. Mwenye kuuza soko la Kibuye mpaka usiku, au kuendesha bodaboda, aipeleke ile kumi ya kusoma asubuhi kwenye chai. Dada au kaka wa Gredi ya Sita pia anaweza kumsikiliza mdogo wake, na wote wawili wanafaidika, ila apewe sharti moja: kukosea kwa mdogo si mzaha wa kwenda kusimulia wenzake uwanjani.

Kusoma kwenyewe kuna namna. Mtoto akae ubavuni, si mbele yako, ili nyote muuone ukurasa. Chagua kifungu cha maneno sitini hadi themanini. Ukurasa mmoja wa kitabu cha Gredi ya Pili unatosha. Asome akifuatisha kidole. Akikwama, hesabu moja hadi tano moyoni kabla hujafungua mdomo, na hapa ndipo wazazi wengi huharibu, kwa sababu sekunde tano za kimya ni ndefu kwa mtu aliyechoka. Akiwa bado amekwama, mpe silabi ya kwanza tu, si neno zima. Kwa maneno marefu tumia kidole gumba: funika neno, kisha lifunue silabi moja moja.

Chukua neno "hawakunisaidia". Lina silabi nane: ha-wa-ku-ni-sa-i-di-a. Mtoto anayesoma kwa kubahatisha ataona mwanzo na mwisho, aseme "hawakusaidia", na kwa sikio la haraka amesoma. Lakini ile "ni" aliyoimeza ndiyo iliyosema nani hakusaidiwa. Kiswahili hubeba mtendaji, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, kwa hiyo silabi moja ikianguka sentensi nzima huhama. Ndiyo sababu pia kasi ya kusoma hailinganishwi lugha kwa lugha. Kipimo cha usomaji fasaha kilichotumika kwenye mradi wa kufundisha kusoma wa Tusome, ulioenea nchini kuanzia 2015, kilikuwa maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Mzazi anayeona mwanawe akienda polepole kwa Kiswahili kuliko Kiingereza asishtuke. Maneno yenyewe ni marefu.

Kasi ipime mara moja kwa wiki, Ijumaa, kwa saa ya simu. Ukiipima kila siku utapata mkimbiaji badala ya msomaji: mtoto anayemeza viishio na kuruka nukta. Na kabla ya kifungu kipya, arudie kwanza cha jana. Kurudia huku wazazi wengi hukuona kama kupoteza muda ("hiki si alikisoma?"), ilhali ndiko kunakogeuza neno la kukokotwa kuwa neno la kutambuliwa kwa mara moja. Akikosea zaidi ya neno moja katika kila maneno kumi, kitabu ni kizito. Shuka gredi moja au mbili bila aibu, hata kama jalada linasema ya Pili naye yuko ya Nne. Tathmini za Uwezo za kupima watoto kusoma na kuhesabu, zilizoanza kufanyika majumbani mwaka 2009, zilikuta mara kwa mara watoto wa madarasa ya juu wasioweza kusoma hadithi ya darasa la pili, kwa hiyo wako hayuko peke yake.

Kuna jambo la eneo letu ambalo vitabu vya malezi havilitaji, nalo ni lafudhi. Dholuo haina "sh" wala "z", na mtoto wa Manyatta, Kisumu, anaweza kusoma "shule" akasema "sule". Wa Bungoma au Kakamega atasema "papa" pale palipoandikwa "baba", na "kari" kwa "gari". Nakuru, kwa msemaji wa Kikuyu, "l" na "r" hubadilishana viti. Mzazi mkali husahihisha hayo yote kama makosa ya kusoma, mtoto akasimamishwa mara tisa kwenye mstari mmoja mpaka akachukia kitabu. Lafudhi ya mdomo si kosa la kusoma. Akisema "suka" lakini akakuonyesha shuka la kitandani, neno amelisoma.

Tatizo linaanza lafudhi inapohamia kwenye maandishi, na hapo ndipo pa kufanyia kazi, kwa imla ya jozi tano tu za maneno: shuka na suka, zaa na saa, pata na bata, doa na toa, kula na kura. Jozi mbili leo, mbili kesho. Kizuizi ni kwamba mzazi mwenyewe ana lafudhi ile ile na huenda tofauti haimtoki mdomoni. Basi asitegemee sauti, ategemee maana. Sema sentensi nzima: "Bata anaogelea." "Nitapata pesa." Mtoto ataandika kwa kujua kinachozungumziwa, hata kama masikioni mwake maneno yamefanana kabisa. Atajifunza kwamba tahajia hukaa kichwani. Huko ndiko waandishi wazuri wa Kiswahili kutoka magharibi mwa Kenya walikoiweka, si kwenye ulimi.

Na mzazi asiyejua kusoma? Huyo hana udhuru, wala hana hasara. Maandishi ya Kiswahili yananyooka kiasi kwamba mtoto anaweza kuusoma ukurasa mzima kwa sauti bila kuelewa hata mstari mmoja, na anayejua kusoma hudanganyika kwa ule utiririko. Asiyejua hulazimika kuuliza: nani huyo? Alifanya nini? Kwa nini? Lile la mwisho ndilo linalotenganisha aliyeelewa na aliyetamka. Maswali hayo yaulizwe kwa lugha ya nyumbani, iwe Dholuo, Lubukusu, Kikuyu au Kikalenjin, na majibu yapokewe kwa lugha hiyo hiyo. Sera yenyewe ya elimu inataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo. Nyumba zinazopiga marufuku lugha ya mama ili "Kiingereza kishike" zinamnyang'anya mtoto chombo anachofikiria nacho kabla ya kumpa kingine.

Tuje kwenye hesabu, na tuanze na punje za mahindi. Gredi ya Kwanza na ya Pili hukwama kwenye thamani ya nafasi: kwamba 3 ya 37 ni makumi matatu, si tatu. Dawa yake ni vizibo vya soda na punje kavu. Kila kizibo kinabeba punje kumi. 37 ni vizibo vitatu na punje saba mezani. 25 ni vizibo viwili na punje tano. Ukiunganisha, punje za mezani ni kumi na mbili; kumi zinaingia kwenye kizibo kipya, mbili zinabaki. Vizibo sita, punje mbili: 62. Kile ambacho ubaoni huitwa "kubeba moja" mtoto amekibeba kwa vidole. Kutoa kunaenda kinyume: kizibo kinamwagwa punje zisipotosha. Yule wa 200 kutoa 135 anahitaji hatua moja zaidi, vizibo kumi ndani ya kifuniko kimoja cha mkebe, basi ataona kwamba sifuri haiwezi kutoa tano mpaka kitu kimwagwe. Onyo: punje zihesabiwe kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Kizibo chenye punje tisa kikiingia kwenye mchezo, mtoto atapata jibu lisilo sahihi kwa njia sahihi, na hatajua kipi cha kuacha.

Kwa wakubwa kidogo, gorogoro. Moja ya mahindi ni takriban kilo mbili, na gunia ni kilo 90, kwa hiyo gunia lina gorogoro 45. Kutoka hapo maswali hayaishi. Familia inayomaliza gorogoro moja ya unga kwa siku tatu itahitaji ngapi likizo ya wiki tatu? Kununua gunia zima na kununua gorogoro moja moja, kipi nafuu, na tofauti ni shilingi ngapi? Tumia bei ya soko la wiki hiyo, si ya kitabuni. Halafu kuna somo la ujazo ambalo soko hulifundisha bure: gorogoro iliyobonyezwa chini. Kwa macho ya mnunuzi ni mkebe kamili. Mtoto apewe kikombe kimoja cha chai, ahesabu vikombe vinavyojaza gorogoro ya nyumbani, kisha apime mahindi yaliyotoka sokoni kwa kikombe hicho hicho. Apime mara mbili na kusawazisha juu kwa rula, kwa kuwa kikombe cha kichuguu na cha kusawazishwa si kimoja. Vikipungua, tayari ana hoja ya kumpelekea muuzaji.

Jedwali la kuzidisha wengi hulifundisha kwa wimbo. Wimbo una kasoro moja: mtoto hujua wimbo, si jibu. Mwulize ghafla saba mara nane, na ukimwona midomo inaanza "saba mara moja", ujue bado. Anza na la mbili, la tano na la kumi, kisha la tatu, la nne na la tisa. Akishajua hayo, na akishaelewa kwamba saba mara nane na nane mara saba ni kitu kimoja, katika jedwali zima mpaka kumi yanabaki majibu sita tu ya kuhangaikia: 6×6, 6×7, 6×8, 7×7, 7×8 na 8×8. Sita! Matatu wiki hii, matatu ijayo, yaulizwe wakati wa kuosha vyombo, bila mpangilio.

Wenye stima ya tokeni wana daftari la hesabu ukutani. Tokeni ina tarakimu ishirini. Mtoto mmoja azisome kwa mafungu matano ya nne nne, mwingine abonyeze. Kisha kila jioni saa moja aandike kwenye kalenda yunite zilizobaki. Jana kutoa leo ni matumizi ya siku. Itakayomchanganya ni siku ya kununua, kwa sababu namba itapanda badala ya kushuka, na kutoa kwake kutagoma. Aongeze kwanza zilizonunuliwa kwenye za jana, ndipo atoe. Ikifika Ijumaa ataweza kukuambia siku pasi ya nguo ilipowashwa, na pengine usifurahi.

Sayansi tutaipitia haraka, maana ni ya Jumamosi zaidi ya jioni. Kipimo cha mvua hutoka kwenye chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka: kata juu pale inapoanza kubana, geuza kile kipande kiwe faneli, na ubandike rula ubavuni. Chini ya chupa si bapa, kwa hiyo weka kokoto na maji mpaka mahali inaponyooka, na hapo ndipo sifuri. Ukisahau hili, vipimo vyote vya muhula ni uongo. Iwekwe mbali na paa na mti, isomwe kila asubuhi saa ile ile, kisha maji yarudishwe kwenye sifuri. Kisumu mvua nyingi hupiga alasiri na jioni, kwa hiyo ya jana husomwa leo. Mtoto aiandikie tarehe ya jana. Wa Gredi ya Tano na ya Sita asimamishe kijiti uwanjani na kuweka alama ya ncha ya kivuli kila dakika kumi kuanzia saa sita mchana. Kivuli kifupi kabisa hakiji saa sita kamili bali kati ya saa sita na robo na saa saba kasoro, kwa kuwa saa za Kenya hufuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita huko karibu na Mogadishu, nasi tuko mbali magharibi mwake. Maseno, palipo na alama ya ikweta kando ya barabara ya Busia, mwezi Machi na Septemba kivuli hicho karibu kinatoweka.

Zile dakika tano za kusimulia hazihitaji vifaa. "Kitendawili!" "Tega!" na jikoni kumechangamka. Au mtoto aeleze hatua kwa hatua jinsi chapati inavyopikwa, nawe ufuate maneno yake neno kwa neno. Akisahau maji, unga ubaki mkavu mbele yake.

Simu na runinga hazina nafasi ndani ya dakika hizi, basi. Na kuhusu masomo ya ziada ya likizo, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliyakataza, ingawa hilo halijazuia daftari za malipo kuzunguka mitaani kila Agosti.

Kitu cha mwisho cha kuandika ni mstari mmoja kwa siku, nyuma ya daftari kuukuu: tarehe, ukurasa uliosomwa, neno lililomshinda. Asiyejua kuandika, mtoto amwandikie. Wiki ya tatu mwangalie maneno hayo kwa pamoja. Yakiwa "ng'ombe", "ng'oa", "kung'aa", mpelekee mwalimu ukurasa huo mlangoni asubuhi. Ana watoto sitini na hana dakika ya kusikiliza historia, lakini mistari kumi na mitano ataisoma akiwa amesimama, na atajua mtoto huyu anaisoma "ng'" kama "ng" ya ngoma.